Mella: Ukoo Usioandikwa Katika Jina

Kwa msafiri aliyeuacha mgongoni ule mwamba mkubwa wa Tororo, Mella haina ajabu ya kumsimamisha njiani. Ni mashamba ya mihogo, mtama na ulezi, na miji ya watu iliyotawanyika. Ng'ambo ya Mto Malaba ni Kenya, Teso ya Kaskazini katika Kaunti ya Busia, na huko nako lugha ni Kiteso kile kile. Wateso waliteremka kutoka pande za Karamoja kabla ya mpaka kuwako. Mwaka 1902 Waingereza waliukata mkoa wa mashariki wa Uganda wakautia katika himaya ambayo leo ni Kenya. Mwaka 1926 mstari ukathibitishwa kwa amri, na jamaa wakabaki pande mbili.

Je, mwenyeji wa hapa atakaye kuwatafuta jamaa zake aanzie wapi? Jina halimfikishi mbali. Kwa desturi mtoto harithi jina la baba yake. Bibi huchovya kidole katika ajon, yaani pombe ya ulezi, akamtia mtoto kinywani huku akitaja majina. Jina ambalo mtoto analinyonyea kidole ndilo lake. Hivyo ndugu watatu wa tumbo moja huweza kuwa na majina matatu yasiyofanana hata kidogo. Isitoshe, majirani wameazimana. Jopadhola humwita mtoto wa usiku Othieno, na akiwa wa kike Athieno. Wasamia humwita mtoto wa mvua Wafula au Nafula. Na Mteso mwenye jina la Kisamia si jambo la kushangaza mtu.

Kinachodumu ni ateker, yaani ukoo, kama vile Ikomolo au Irarak, nao hauandikwi katika jina la mtu. Ukoo hutambulikana kwa etal, yaani miiko na taratibu zake. Mwanamke akiolewa hubaki na jina lake, lakini hushika etal ya ukoo wa mumewe. Na kwa kuwa watu wa ateker moja hawaoani, kabla ya ng'ombe kutajwa wazee wa pande zote mbili za mto huulizana kwanza habari za ukoo. Majina ya wachumba yangeweza kuwadanganya.

Wafaransa waliohamia Québec nao walikuwa na tatizo lililo karibu na hili. Familia moja iliweza kuwa na majina mawili yaliyounganishwa kwa neno "dit", maana yake "aitwaye", na baadhi ya watoto wakashika hili, wengine lile. Wao lakini walikuwa na vitabu vya parokia, ambamo hata mke aliandikwa kwa jina alilozaliwa nalo.

Huku Mella kitabu ni mzee, na ofisi haimwelewi sana. Fomu za Kiswahili huuliza "jina la ukoo" zikitaka jina la familia, kitu ambacho Mteso wa kale hakuwa nacho. Wala jambo hili si dogo. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 humhesabu mtu aliyezaliwa Uganda kuwa raia kwa kuzaliwa ikiwa mzazi wake au babu yake ni wa jamii iliyokuwa ndani ya mipaka tarehe 1 Februari 1926. Wateso wametajwa humo. Lakini mjukuu, baba na babu wasiofanana majina wataonyeshaje kuwa ni damu moja? Usajili wa vitambulisho vya taifa ulipoanza mwaka 2014, swali hilo lilikuja na uzito wake. Ruhusa ya uraia wa nchi mbili, Uganda mwaka 2005 na Kenya mwaka 2010, imewapunguzia watu wa mpakani hofu, ingawa haikuwapunguzia maswali.

Wenye nyumba wangefanya vyema kuweka daftari wazee wangali hai: jina la kila babu kama alivyoitwa, majina ya ndugu zake, na mahali alipozikwa, Uganda ama Kenya. Kwa kila bibi, uandikwe ukoo aliozaliwa, maana etal aliyoishika maisha yake yote ilikuwa ya mumewe na haitamtambulisha.