Vidonge vya mgongo nilivyomeza nikiwa mjamzito

Boksi lilikaa kwenye droo ya cherehani yangu karibu miaka miwili. Lilikuwa na jina langu, na chini yake mtoa dawa aliandika kwa kalamu ya bluu: 1x2, baada ya chakula. Mgongo uliponikamata nikiwa na mimba ya wiki 27, sikuona haja ya kumuuliza mtu. Dawa ilikuwa yangu, na aliyeniandikia alikuwa daktari.

Mimi ni fundi nguo hapa Morogoro. Miaka miwili kabla ya mimba hii, ambayo ni ya pili kwangu, nilianguka na bodaboda nikaumia kiuno. Daktari akaniandikia diklofenaki. Nikameza siku tano, nikapata nafuu, na vilivyobaki nikavitunza. Wengi wetu tunafanya hivyo, kwa sababu dawa ni pesa.

Maumivu yalirudi kipindi cha sare za shule. Mwenye mtoto anajua Januari inavyokuwa. Nilikaa kwenye cherehani tangu asubuhi hadi saa mbili usiku, na nikitaka kusimama kiuno kinagoma. Usiku ili nigeuke ilibidi nishike ukingo wa kitanda.

Mama mkwe aliniletea mizizi ya kuchemsha. Nilimkatalia kwa heshima zote. "Mama, nashukuru, lakini kliniki wanatukataza dawa ambazo hazijapimwa." Hakubisha, aliifunga tena kwenye karatasi yake. Usiku uleule nikafungua droo, nikameza kidonge changu, nikalala nikijiona mwanamke aliyeelimika.

Vile kumi vya kwenye droo vilipoisha, nilimtuma mume wangu duka la dawa na boksi tupu kama mfano. Akarudi na vingine thelathini. Baadaye nilimuuliza kama kuna swali lolote aliloulizwa. "Waliniuliza kama nina vidonda vya tumbo," akasema. Ndivyo ilivyo. Aliyesimama dirishani alikuwa mwanaume mwenye boksi mkononi. Nani angemuuliza kama ana mimba?

Nikaendelea hivyo kwa karibu wiki tatu, hadi siku ya kliniki.

Mkunga aliyenipima alikuwa mama mtu mzima. Alilaza tepu juu ya tumbo langu, tepu kama ile ninayopimia wateja, kisha akailaza tena. Fundi anajua maana ya kupima mara mbili. Mimba ilikuwa ya wiki 30, kimo chake sentimita 26. Kwa kawaida namba hizo mbili huwa zinakaribiana.

"Mwanangu, unatumia dawa gani?"

"Hakuna, sista. Ni zile za kuongeza damu tu mlizonipa."

"Hakuna nyingine? Hata ya kichwa?"

"Labda vya mgongo. Lakini vile ni vya daktari."

Akaomba avione. Nilikuwa navyo kwenye pochi, pamoja na boksi la zamani. Alisoma jina la dawa, akasoma tarehe, kisha akaniangalia. "Daktari aliyeandika hapa alikuwa anamtibu mtu mmoja," alisema. "Leo mko wawili."

Siku ileile nilipelekwa altrasaundi. Mtoto alikuwepo na moyo ulikuwa unapiga, lakini maji yanayomzunguka yalikuwa machache kuliko inavyotakiwa.

Daktari alikaa akanieleza taratibu, nami nawaeleza ninyi kama nilivyoelewa. Kuanzia katikati ya mimba, sehemu kubwa ya maji yale ni mkojo wa mtoto mwenyewe. Dawa za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kupunguza kazi ya figo za mtoto. Figo zikipunguza kazi, mkojo unapungua, na maji yanapungua. Maji hayo ndiyo yanayomlinda, yanayompa nafasi ya kujinyoosha na kusaidia mapafu yake kukua.

Kuna jambo la pili, nalo linahusu moyo. Mtoto aliye tumboni hapumui hewa, kwa hiyo ana mshipa mfupi karibu na moyo unaoipitisha damu pembeni bila kwenda yote kwenye mapafu. Mshipa huo unatakiwa ubaki wazi mpaka azaliwe. Dawa hizi zinaweza kuufanya ujifunge kabla ya wakati, na hatari hiyo huwa kubwa zaidi kuanzia wiki ya 30. Mimi nilikuwa wiki ya 30 kamili.

Daktari aliniambia pia kwamba Oktoba 2020 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba dawa za jamii hii ziepukwe kuanzia wiki ya 20 ya mimba, isipokuwa daktari mwenyewe ameona ulazima. Nilimuuliza swali lililokuwa limenikaa kooni: ni mimi niliyemfanyia hivi mwanangu?

"Siwezi kukuapia," alijibu. "Maji hupungua kwa sababu nyingi. Lakini sababu tunayoweza kuiondoa leo, tuiondoe leo. Mara nyingi mama akiacha vidonge, maji hurudi."

Nikaacha palepale. Nyumbani mume wangu alilichukua lile boksi akalitazama kwa muda mrefu. "Nilivinunua mimi," alisema, na hakusema kingine jioni ile. Mama mkwe naye alipata habari. Nilimsubiri anikumbushe mizizi yake, hakunikumbusha. Alichemsha maji, akakamua kitambaa, akanikanda kiuno mpaka nikasinzia.

Wiki iliyofuata sikuifahamu usiku wala mchana. Kila mtoto alipocheza nilihesabu. Niliporudi altrasaundi, maji yalikuwa yameongezeka. Wiki nyingine tena, daktari akasema sasa yako kwenye kiwango.

Na maumivu, je? Hili nataka akina mama wenzangu walisikie vizuri, kwa sababu nilidhani nitaambiwa nivumilie. Daktari hakuniambia hivyo. Aliniambia dawa ya kuanzia kwa mjamzito ni parasetamoli, kwa kiasi kidogo kinachotosha na kwa siku chache: vidonge viwili vya miligramu 500, na visizidi vinane kwa saa 24. Aliniambia nisimame kila baada ya nusu saa, niweke mto mgongoni ninaposhona, na nilale kwa ubavu nikiwa na mto katikati ya magoti. Sare nyingine nilimpa jirani azishone. Pesa ilipungua, lakini kiuno kililegea.

Alinionya pia nisihamie kwenye dawa kali zaidi kwa kujiamulia. Tramadoli na kodeini, mama akizitumia kwa muda mrefu, mtoto huzaliwa mwili wake ukiwa umezizoea. Akizikosa anaweza kutetemeka, kulia bila kutulia na kushindwa kunyonya, na zinaweza pia kumletea shida ya kupumua. Lakini mama aliyeandikiwa dawa hizo kwa ugonjwa wake, mathalani mwenye selimundu, asizikate ghafla peke yake. Aende kwa daktari wake, wapange pamoja. Vilevile aspirini ya kiwango kidogo, ambayo baadhi ya wajawazito hupewa kuzuia kifafa cha mimba, usiiache kwa sababu umesoma habari yangu. Hiyo imeandikwa na mtu anayejua kwamba mko wawili.

Tena kuna maumivu ambayo hayatakiwi kutulizwa na kusahauliwa. Kichwa kinachouma sana baada ya wiki ya 20, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia: hizo ni dalili za kifafa cha mimba. Homa inaweza kuwa malaria. Kiuno kinachouma kwa vipindi, kinakaza na kuachia, kinaweza kuwa uchungu kabla ya siku zake. Ukimeza kidonge ukalala, unazima kengele na moto unaendelea kuwaka. Nenda kituo cha afya hata kama ni usiku.

Mume wangu ana lake, na ameniomba niliandike. Baba unayetumwa dawa, neno la kwanza dirishani liwe hili: "Ni za mjamzito, ana wiki kadhaa." Sema hata kama hujaulizwa. Sema hata kwa dawa ya mafua au ya kuchua, kwa sababu baadhi zina dawa za jamii hiyohiyo ndani yake. Na boksi tupu si cheti.

Mwanangu alizaliwa wiki ya 38, kilo 2.9, akalia mwenyewe. Daktari alimsikiliza moyo kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kisha akatikisa kichwa kwa kuridhika. Yule mkunga alikuwa zamu, akasema sasa tunasubiri kitu kimoja: akojoe.

Tulisubiri. Mama mkwe alimpakata, akimfunua na kumfunika. Kabla ya saa sita mchana alipiga kigelegele wodi nzima ikageuka. Khanga yake ilikuwa imeloa mpaka magotini. Nimefua nepi nyingi tangu siku ile, na bado khanga ile sijaisahau.

Droo ya cherehani sasa ina nyuzi na vifungo tu. Vidonge vilivyobaki nilivirudisha hospitali wakavipokea. Wewe unayesoma hapa na mimba yako, fungua droo yako leo.