Kigali kwa Baiskeli

Sisi akina mama saba wa Ngara tunajiandaa kwenda Kigali, Rwanda, mwisho wa juma. Baiskeli tutakodi hukohuko. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tumeiepuka. Asubuhi hiyo wenyeji wako kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya kusafisha na kujenga. Tumechagua Jumapili ambayo barabara kadhaa hufungwa kwa magari asubuhi, utaratibu ulioanza mwaka 2016. Kwingine itabidi kushika kulia, nasi tumezoea kushoto! Tena Kigali ni vilima vitupu.

Mwenzetu aliyebuni safari hii ana shinikizo la damu. Tulimwambia abaki. Alilia. Sasa daktari amemruhusu, sisi tunampima kila juma, na penye mlima sote tutashuka tusukume.