Kutu Iliyojificha Busisi

Kwa miaka mingi, aliyetoka Mwanza kwenda Sengerema au Geita kwa njia ya Kigongo alipanga foleni kusubiri kivuko cha kwenda Busisi. Tangu Juni 2025, daraja la John Pombe Magufuli, lenye urefu wa takriban kilomita 3, limeigeuza safari hiyo kuwa ya dakika chache.

Nililivuka nikiendesha pikapu ya marhum baba yetu, Allah amrehemu. Ilikuwa imebeba dagaa na sangara muda mrefu. Eda ya mama ilipokwisha, tuliafikiana iuzwe, kila mrithi apate fungu lake. Mnunuzi alikuwa Sengerema mjini. Kaka aliniusia: "Pita Busisi, ipigwe puti na rangi tu. Ukianza kukata bati, fedha zitakwisha."

Fundi wa Busisi alimfahamu baba tangu enzi za kivuko. Aliigonga bodi kwa nyundo ndogo, akisikiliza. Palipo pazima palilia; palipooza palitoa sauti nzito. Kisha akasukuma bisibisi chini ya mlango, ikazama.

"Mwanangu," alisema, "maji ya ziwa hili si ya chumvi kama ya bahari. Kilichokula gari hili ni maji ya samaki na chumvi yake, na tope lililoganda kwenye mikunjo lisikauke. Kutu huanzia ndani. Ukiona rangi imetutumka, kazi imekwishafanyika."

Akanieleza kuwa puti juu ya kutu haiponyi kitu: kutu huendelea kula chini yake, hata siku moja bonge zima hudondoka. Njia ya sawa ni kukata hadi bati safi, kuchomelea kipande kipya, kusaga, kupaka rangi ya kuzuia kutu, ndipo puti nyembamba ya kulainisha tu. Matundu ya kutolea maji nayo yazibuliwe.

Nikakumbuka tukio la soko la Madina. Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika rundo la chakula, vidole vikakuta unyevu. Muuzaji akasema kimenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka juu watu wakione, akabainisha kuwa mdanganyifu hayumo miongoni mwetu.

Nilimpigia kaka simu. Akanyamaza, kisha akauliza: "Na thumuni ya mama je? Itabaki nini?"

Simu akapewa mama. Alisikiliza hadi mwisho, akasema: "Baba yenu alitulisha kwa gari hilo miaka yote. Msinipe thumuni yenye hila ndani yake."

Fedha hazikutosha kutengeneza kila mahali. Tulikata na kuchomelea sakafu ya mizigo, kwa kuwa ndiyo ibebayo uzito. Mlango tuliuacha na kutu yake, bila puti. Sengerema nilimwonesha mnunuzi vyote viwili. Aliingiza kidole katika tundu, akapunguza bei, na punguzo halikuwa dogo. Tukaandikiana.

Nilirudi kwa basi. Tulipokuwa juu ya daraja, jua likielekea kuzama, nilizihesabu tena noti za mama. Zilikuwa chache kuliko tulivyotarajia. Usiku ule alizipokea kwa mikono miwili, akasema Alhamdulillah, akamwombea baba.