SIMULIZI ZA WODINI (14): Sauti ya sikioni

Nimetoka shifti ya usiku, usingizi umegoma, basi ngoja niwaandikie.

Wiki iliyopita mdogo wangu aliniwekea kwenye flashi filamu inaitwa Spy, ya mwaka 2015, kaiongoza Paul Feig. Najua wengine mlishaiona zamani, mimi ndo kwanza. (Msiangalie na watoto, wala na mama mkwe. Matusi mle hayana idadi.)

Mhusika mkuu ni Susan Cooper, ameigiza Melissa McCarthy. Ni mfanyakazi wa CIA, ila kazi yake ni kukaa kwenye kompyuta huko chini ya jengo, popo wanaruka juu ya vichwa, na kuongea sikioni mwa shushushu mmoja mtanashati, Bradley Fine, ambaye ni Jude Law. Susan anamwambia adui yuko wapi, ageukie wapi. Fine anapiga, anashinda, suti haijakunjamana. Sifa zote zake.

Hapo nikaisimamisha filamu jamani.

Maana nilikumbuka usiku mmoja. Mtoto wa miaka mitatu, malaria kali, degedege. Daktari wa zamu alikuwa bado mafunzoni, kijana mzuri tu, ila mikono inatetemeka. Nikamsogelea nikamwambia chini chini, "Dokta, tupime sukari?" Kipimo nilishakishika mkononi. Ikasoma 1.8. Tukamsukumia glukosi kwenye mshipa, baada ya muda mtoto akafungua macho akamwita mama yake. Asubuhi kwenye raundi, bingwa akamsifia dokta mbele ya watu wote. Mama wa mtoto naye akamshika mkono, asante dokta, Mungu akubariki. Mimi naandika chati. Wala sikukasirika. Hilo ndilo linalonisumbua sasa, kwamba sikukasirika.

Haya, turudi. Mashushushu wote wanajulikana kwa adui, Susan hajulikani, basi anatumwa yeye. Wenzake wanapewa vifaa vya kifahari. Yeye vifaa vyake vimefichwa ndani ya dawa: tishu za bawasiri, vidonge vya kulainisha choo, dawa ya fangasi wa kucha. Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Sisi manesi tunajua, hakuna askari atakayekagua mkoba wenye tishu za bawasiri! Na Jason Statham, ambaye kwenye filamu zake nyingine ndiye mbabe, humu kazi yake ni kujisifu na kuharibu. Yaani wamempa acheke ubabe wake mwenyewe.

Lakini kilichonikamata ni kingine. Bosi wake anamwonyesha video ya zamani ya mafunzo, Susan anapiga watu kama hana akili nzuri. Uwezo alikuwa nao siku zote! Alibaki kule chini kwa sababu Fine alimshawishi kwamba anafaa zaidi sikioni mwake. Hakumtukana. Alimsifia.

Ndiyo maana anapokuja kupigana jikoni kule Budapest, na kikaango mkononi, sikuona muujiza. Niliona mtu amerudishiwa vitu vyake.

Sasa mimi. Nina diploma. Mara mbili nimechukua fomu ya kwenda kusoma digrii, mara mbili mkuu wangu wa wodi kaniambia kwa upole kabisa, "Sista, ukiondoka wewe hii wodi nani ataishika?" Nikarudi nyumbani nimejaa furaha, fomu nikaitumbukiza kabatini. Jamani, miaka sita.

Mwishoni (samahani kwa ambao hamjaiona) Fine anamwalika Susan chakula cha usiku, huyo huyo aliyemwota miaka yote. Anakataa. Anatoka na Nancy, rafiki yake wa kule chini. Nikampigia Nancy wangu, wa wodi ya wazazi, saa tano usiku. Nikamwambia nimeitoa ile fomu. Akaniuliza, "Ipi, hii ya mwaka huu au ile yenye alama ya chai?"

Nimechukua mpya. Nimejaza zote isipokuwa sehemu ya sahihi ya mkuu wangu wa wodi. Kesho naingia asubuhi, na yeye yupo.

Sehemu ya 15 Ijumaa.