Uzamivu wa Nchi Kavu

Lugha yetu imeiita shahada ya udaktari wa falsafa uzamivu, na kwa sisi tuliozaliwa visiwani neno hilo lina uzito wake. Mzamiaji huvuta pumzi, akatoweka chini, na waliobaki chomboni wakahesabu. Mimi nilizama miaka minne bila ya kulowa.

Kazi yangu ilikuwa kuiiga bahari ndani ya kompyuta. Kijiji chetu, upande wa mashariki ya Unguja, kinaliwa na mawimbi kidogo kidogo, nami nilitaka kujua ukuta wa kuyazuia ujengwe wapi. Bahari hugawanywa miraba mfano wa wavu uliotandazwa, kila mraba ukapewa kina chake, kisha milinganyo ikakokotoa namna maji yanavyotoka mraba huu kuingia ule, sekunde baada ya sekunde. Sheria zenyewe ni chache. Wimbi refu, kwa mfano, hufuata kina: kina kikibaki robo, mwendo wake hubaki nusu.

Miraba yangu ilikuwa ya mita 100. Hesabu zilitulia, maji hayakuzidi wala hayakupotea, kama shairi lililotimia vina na mizani. Nikaandika kwamba ukuta ujengwe mbele ya minazi, nikarudi nyumbani na ramani yangu.

Ami yangu, mvuvi tangu ujana wake, aliitazama kwa muda mrefu.

“Mwanangu, mlango uko wapi?”

Alikusudia mlango wa mwamba, upenyo wa kiasi cha mita 40 zinamopita ngalawa zetu. Nikamweleza kwamba umemezwa na mraba mpana kuliko wenyewe. Akacheka, wala si kwa kunidharau.

“Basi wavu wako una macho mapana. Ulichokwenda kukivua kimepita.”

Alasiri moja ya bamvua, maji yakijaa, alinipeleka tukaone. Mawimbi yalikuwa yakivunjika juu ya mwamba kwa mstari mrefu mweupe. Pale mlangoni tu ndipo yalipopita mazima. Niliyafuata kwa macho mpaka pwani. Yaliishia chini ya makaburi, alikolala mama yangu. Ukuta wangu ungelinda minazi.

Nilirudi chuoni. Kuipunguza miraba kutoka mita 100 hadi 10 si jambo jepesi: idadi yake huongezeka mara 100, na hatua za wakati nazo hazina budi kufupishwa mara 10, hivyo kazi ikawa mara 1,000. Saa moja ya kompyuta hugeuka siku 41 na ushei. Nikatia wavu wa macho madogo penye mlango na pwani inayouelekea, kwingine nikaacha vile vile. Safari hii mawimbi makubwa yalipiga makaburini.

Nilishauriwa niiondoe ile sura ya kwanza, kwani kosa halimpambi mtahiniwa. Nikamkumbuka Lewis Fry Richardson, Mwingereza aliyekokotoa hali ya hewa kwa mkono wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Hesabu yake ilitoa kwamba kanieneo ya hewa ingepanda milibari 145 kwa saa 6, jambo ambalo halikutokea. Mwaka 1922 alikichapisha kitabu chake na kosa likiwamo. Waliokuja baadaye walilichungua wakajifunza, na mwaka 1950 wataalamu wa Marekani wakafanya utabiri wa namna hiyo kwa kompyuta iliyoitwa ENIAC.

Sura yangu ikabaki. Ramani mbili zimekaa ukurasa mmoja, isiyo na mlango na yenye mlango, na chini yake nimeandika nani aliyeniuliza.

Ukuta haujajengwa bado. Kila bamvua ami hunipigia simu, akanihesabia hatua zilizosalia baina ya maji na kaburi la mama. Mara ya mwisho zilikuwa 19.