Keria Niliiagiza Mimi

Fundi hana kosa. Naanza na hilo kwa sababu kwa muda mrefu nimesema kinyume chake, kwenye vijiwe vya baiskeli Shinyanga mjini na hata Katoro kwa wachimbaji, na sikusema kwa kunong'ona.

Baiskeli yenyewe ni ya mlimani, ya chuma, yenye shokapu mbele tu. Nyuma ni fremu tupu. Niliinunua mpya kwa pesa ya kudunduliza, nikaitoa kuelekea Kolandoto nikiwa na akili ya mtu aliyekulia juu ya baiskeli za Phoenix. Kwenye lami haikunipendeza. Matairi mapana yalikuwa yanavuma, na kijana wa daladala ya baiskeli, amempakia mama mzima na ndoo yake ya dagaa, akanipita bila hata kunyanyuka kwenye siti. Nikajua nimeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Nilipoacha lami mambo yakageuka. Kwenye mchanga wa luseni, ambako Phoenix hushukwa ikakokotwa, hii ilipita juu juu. Kwenye njia ya ng'ombe iliyokauka na mashimo ya kwato, shokapu ilimeza mbele na fremu ikanesa kidogo nyuma, kiuno changu kikashangaa. Breki za diski zilishika kwa kidole kimoja. Penye miamba nikapanda mahali ambapo tangu utotoni ni pa kushuka. Mbuga ndiyo iliyonikomesha: mvua ilikuwa imenyesha, udongo mweusi ukajaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu likagoma, nikaibeba begani. Hapo ndipo nilipousikia wepesi wake. Badala ya kuufurahia, nikautilia shaka.

Kwetu baiskeli ni mzigo. Phoenix hubeba gunia la mkaa, madumu ya maji, mgonjwa, na kule Rwamgasa na Nyarugusu hubeba viroba vya mawe ya dhahabu kutoka duarani hadi kwenye karasha. Ikinunuliwa tu inapelekwa kwa fundi, iongezwe nondo na stendi pana. Mimi nilikuwa na biashara yangu ndogo ya vipuri vya pampu huko Geita, na baiskeli isiyo na keria niliihesabu nusu baiskeli.

Nikaipeleka kwa fundi aitie keria. Mzee aliigeuza chini juu. Akachukua spana, akagonga bomba la Phoenix iliyoegemea ukutani: mlio mfupi, mzito. Akagonga la kwangu, likalia kama kengele ya shule. Akagonga tena katikati, akagonga karibu na kiungio, akatulia akinitazama.

"Mwanangu, hili bomba jepesi. Tulifunge kwa vibano na boliti, moto tuuache."

"Chuma ni chuma, mzee. Choma."

Vibano vingenigharimu zaidi, na nilikuwa na haraka. Akachoma kwa umeme, nondo mbili juu ya mikono ya nyuma ya fremu, mshono umenyooka vizuri.

Alichokisikia kwa spana nilikuja kukielewa baadaye sana. Bomba la Phoenix ni chuma cha kawaida, nene, na fremu yake huunganishwa kwa soketi zilizojazwa shaba. Langu ni chuma kilichochanganywa na kromi na molibdeni. Kwa kuwa ni kigumu zaidi, bomba hufanywa jembamba; katikati ukuta wake haufiki hata milimita moja, unene huachwa kwenye viungio. Joe Breeze alitumia chuma cha namna hiyo kule California mwaka 1977, alipounda mojawapo ya baiskeli za kwanza kabisa zilizokusudiwa milima, baada ya wenzake kuchoka kuvunja fremu nzito za zamani kwenye miteremko. Sasa wewe pitisha moto wa kuchomelea katikati ya bomba hilo: pembeni mwa mshono chuma hubadilika, kinakuwa kikavu, na kila mtikisiko wa barabara unamalizikia hapo.

Lilikatikia njia ya Nyarugusu, keria ikiwa na mzigo. Ufa ulianzia pembeni mwa mshono. Mshono wenyewe ulikuwa mzima, na uko mzima mpaka leo.

Niliuona ufa ulipo siku ileile, na spana ya mzee niliikumbuka palepale barabarani. Kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba sikuonywa. Katoro nilipoulizwa, nikasema fundi kaniharibia. Shinyanga nikarudia, nikaongeza na chumvi, kwamba mzee macho yamekwisha. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza kwamba nilibania hela ya boliti. Vijana wa daladala waliokuwa wateja wake wakaanza kumpita.

Hatimaye nilimpelekea ile fremu nikamweleza yote, pamoja na niliyoyasema vijiweni. Hakunikaripia. Alipitisha kidole kwenye ufa, akarudi kwenye mshono, akaukuna kwa kucha.

"Kwa hiyo haukuachia," akasema.

Vijana niliowaambia ni wengi kuliko ninaowakumbuka. Niliowapata nimewaeleza ukweli. Mmoja alicheka, akasema mzee atakuwa amenipa chochote nimsafishe, na Phoenix yake bado anaitengenezea kwingine.