Wasiwasi Unapomwandama Mtoto Mwenye Dini



Sifa zote njema ni za Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), Ahli zake na Maswahaba zake.

Ndugu zetu wasomaji, katika miaka yetu ya kusomesha madrasa hapa Buyenzi, Bujumbura, wanafunzi wanaotujia na shida ya wasiwasi mara nyingi si wale watoro. Ni wale wanaofika mapema, wanaohifadhi vizuri, wanaoogopa kukosea. Mzazi humwona mtoto wake yuko msalani muda mrefu anatia udhu, akafurahi kuwa mwanangu ameshika dini. Kumbe mtoto anaumwa.

Tulikuwa na kijana mmoja wa miaka kumi na sita. Alikuwa akianza kutia udhu wa Alasiri kabla ya adhana, na imamu akitoa salamu bado yuko kwenye maji. Mikono ilimpasuka ngozi. Tulipomwita pembeni alisema hana hakika kama maji yamefika kwenye viwiko. Hilo tulilitarajia. Lakini baada ya wiki kadhaa ndipo alipotoa la ndani, naye analia: kila akifungua Mus-haf, tusi linampita moyoni kumhusu Allaah. Hakulitaka, hakulitamka, lakini linakuja. Akaona ameshakufuru. Akawa anatamka shahada upya na kuoga josho kila siku, mara nyingine usiku wa manane, na Mus-haf akaacha kuugusa kabisa. Alikuwa anafikiria kuacha swala, kwa sababu aliona swala ya mtu kama yeye ni kejeli.

Jibu la jambo hili wanalo Waislamu tangu zama za Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam). Imepokewa katika Swahihi Muslim kwamba baadhi ya Maswahaba walimwendea wakamweleza kuwa wanapata nafsini mwao mambo ambayo ni mazito mno kwao kuyatamka. Mtume hakuwakemea wala hakuwaamrisha watubie. Aliwaambia kuwa hiyo ndiyo imani iliyo wazi. Wanavyuoni wakabainisha kwamba imani si lile wazo lenyewe, bali ni ule uchungu wanaouona kwa sababu yake. Mwizi haendi kwenye nyumba tupu. Tulipomsomea kijana wetu Hadithi hii alitutaka tuirudie, tukairudia. Alipoomba mara ya tatu tulikataa, na sababu yake tutaieleza.

Katika Hadithi nyingine Mtume ametaja kuwa shetani humjia mtu akimuuliza nani kaumba hiki na nani kaumba kile, mpaka afike kumuuliza nani kamuumba Mola wako. Maelekezo aliyotoa ni mawili: ajilinde kwa Allaah, na akome. Watu wengi hushika la kwanza wakasahau la pili. Husema A'udhu billaah mara mia, kisha wanaendelea kubishana na wazo, kulipima na kulitafutia hoja. Kukoma ni kuliacha lipite bila kulijibu. Gari likipita barabarani tukiwa kwenye swala tunalisikia, lakini hatutoki safuni kwenda kuuliza linaelekea wapi.

Wala kukoma si kulisukuma kwa nguvu. Mwaka 1987 mtaalamu wa Marekani, Daniel Wegner, pamoja na wenzake walitangaza jaribio lao maarufu. Waliwaambia wanafunzi wasifikirie dubu mweupe, na kila akiwajia wagonge kengele. Kengele ziligongwa! Na waliporuhusiwa baadaye kumfikiria, alikuja zaidi kuliko kwa wale ambao hawakukatazwa mwanzo. Anayejilazimisha lisije anakuwa mlinzi wa lile lile analolikimbia. Kwa hiyo tulimwambia kijana: likija likukute unasoma, endelea na aya uliyonayo. Macho yawe kwenye mahali pa kusujudu, sikio lisikilize ulimi unasema nini, mkono uhisi ubaridi wa maji. Moyo ukitoka, urudishe taratibu bila kujilaumu, hata ukitoka mara ishirini.

Kwenye udhu tulifanya hesabu. Imethibiti kuwa Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kipimo kisichozidi robo tatu ya lita hivi. Kijana alikuwa akimaliza nusu ya bidoni ya lita 20. Tulimpa chupa moja ya lita moja, tukamwambia ikiisha, udhu umekwisha, hata moyo ukipiga kelele. Siku za mwanzo alitetemeka. Utulivu ulikuja baada ya kuvumilia, haukuja baada ya kuosha tena. Na atakayehisi ametokwa na upepo ndani ya swala, sharia imeshamhukumia: asitoke mpaka asikie sauti au aone harufu.

Sasa ile sababu ya kukataa mara ya tatu. Mama yake, kwa huruma, alikuwa anaulizwa mara kumi kwa siku, "Mama, udhu wangu umeswihi?" naye kila mara anajibu, "Umeswihi mwanangu." Kila jibu lilimtuliza kwa dakika tano, kisha akalihitaji jingine. Na wapo wanaouliza swali moja kwa masheikh saba kwenye simu, hadi saa nane za usiku, kila fatwa inazaa shaka mpya. Tulikubaliana na mama: atajibu mara moja tu, kisha atasema, "Nimeshakujibu mwanangu, nenda kaswali." Ilimuuma mama kuliko mtoto.

Mengine ni ya kawaida lakini tusiyadharau. Mtume alichukia mazungumzo baada ya Isha, na akili iliyokosa usingizi haina nguvu ya kuacha kitu kipite. Simu ilale chumba cha wazazi. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya siha ya mwili na nafsi, na katika habari za wasiwasi alihadharisha na upweke. Tulimrudisha kijana kwenye mpira wa jioni na wenzake. Baadhi ya wazee walinung'unika. Sisi hatukuona ubaya.

Baba alitaka kumpeleka kwa mtu anayesoma ruqya kwa malipo na kuwapiga watoto akidai anampiga jini. Tulimzuia. Ruqya ni Sunna, tulimsomea wenyewe, haihitaji fimbo. Vile vile tulimsindikiza kwa daktari wa maradhi ya akili, ingawa baba alichelea maneno ya majirani. Daktari alimfundisha kulikabili lile analoliogopa kidogo kidogo bila kurudia kuosha, karibu sawa na ile chupa, na akamwandikia dawa. Udhu wake sasa huchukua dakika chache, na juzuu ya Amma ameirudia yote. Siku za mitihani wasiwasi humrudia.

Mzazi ambaye mtoto wake anataja kujidhuru au kutamani kufa asisubiri siku ya darsa. Ampeleke hospitali siku hiyo hiyo, asimwache peke yake, na sisi atuite hata usiku.

Wallaahu A'lam.